Nyimbo za Kurudiwa: Karahanyuze na Kazi ya Kumbukumbu katika Mji wa Gisenyi

Muziki unaowaketisha pamoja watu wa marika mbalimbali katika kumbi na baa za Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mara nyingi ni ule uliorekodiwa kabla ya wengi wa wasikilizaji wake kuzaliwa. Wanyarwanda huziita nyimbo hizo karahanyuze, jina linalokusanya hasa nyimbo za miaka ya 1960 hadi 1980 zilizopata sifa katika wakati wake na ambazo hazijapoteza wapenzi. Na ule utaratibu wa kuzipiga papo kwa papo, bendi ikiwa na magitaa, ngoma na waimbaji wake mbele ya watu wanaokula, kunywa na kucheza, huitwa igisope. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atazitambua bila shida kuwa ni ndugu wa zilipendwa. Linalostahili kuelezwa ni kwa nini watu wazima, na vijana wengi pia, huamua kwa hiari yao kutumia jioni nzima wakisikiliza jambo wanalolijua tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa nini wasanii wenyewe, ambao kazi yao ni kuleta jipya, huwa wa kwanza kurudi huko.

Sehemu ya jibu imo katika mahali penyewe. Gisenyi, ambayo tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 imo katika Wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi, imeshikana na mji wa Goma wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kiasi kwamba mstari wa mpaka unapita kati ya mitaa ya watu, na kabla ya janga la korona la mwaka 2020 kivuko kidogo, ambacho wenyeji hukiita kwa jina la Kifaransa la Petite Barrière, kilikuwa kikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake wachuuzi wenye mboga, maziwa na samaki. Bidhaa hazikupita peke yake. Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, kilikuwa lugha ya soko na ya ufukwe wa ziwa huko Gisenyi miongo mingi kabla ya sheria hiyo, na Kilingala kilifika kwa njia ya nyimbo hata kwa watu wasioweza kuombea maji kwa lugha hiyo. Redio nazo hazikudaiwa pasipoti: Radio Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1961, na idhaa za Zaire zilisikika katika nyumba moja kwa kuzungusha kitufe kimoja. Ndiyo maana mtu aliyekulia Gisenyi katika miaka ya 1970 au 1980 huwa na kazi za malezi za nchi zaidi ya moja. Kazi za malezi zinachukuliwa hapa kwa maana ya nyimbo, hadithi, michezo ya kuigiza, vitabu au michoro ambayo mtu alikutana nayo utotoni au ujanani, ikamfundisha kipi cha kuita kizuri kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa anafundishwa.

Rumba ya Kongo, ambayo ndiyo mhimili wa sauti ya karahanyuze nyingi, yenyewe ni tunda la kurudi. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilieneza Afrika santuri za muziki wa Kuba katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, na zilipofika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wasikilizaji walikuta ndani yake mapigo yaliyovushwa bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani, yakiwa yamevaa Kihispania lakini hayajasahau mwendo wake. Wanamuziki wa huko waliyapokea, wakayatia Kilingala na magitaa, na ndipo zikatokea bendi kama African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953 na OK Jazz, iliyohusishwa daima na Franco, mwaka 1956. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Nchini Rwanda bendi ya Orchestre Impala, iliyovuma katika miaka ya 1970 na 1980, iliuchukua ufundi huo wa magitaa na kuutumia kuimbia mambo ya Wanyarwanda kwa Kinyarwanda: mapenzi, majirani, ndoa, ulevi, pesa. Kwa hiyo mpiga gitaa wa Gisenyi anayerudia wimbo wa Impala hii leo anarudia kitu ambacho tayari kilikuwa kimetoka mbali na kurudiwa mara kadhaa, na hakuna mahali katika safari hiyo ambapo mtu anaweza kuweka kidole na kusema kwamba hapa ndipo asili ilipoishia na kuiga kulipoanzia.

Ufundi wa kuirudia kazi ya namna hiyo unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu zilipendwa huishia kwenye hisia na kuusahau mkono. Wimbo wa mtindo huu kwa kawaida una sehemu mbili: ya kwanza ni ya taratibu, yenye beti na kiitikio, ambamo gitaa la rizimu hushika mwendo na gitaa la solo hujibu mwishoni mwa kila mstari wa mwimbaji, ya pili ni sebene, ambamo mwendo hukazwa, waimbaji hupungua na magitaa huchukua usukani, na hapo ndipo walioketi huinuka. Wapigaji wengi hawakujifunza hayo kwa nota za kuandikwa. Walijifunza kwa sikio, wakati wa kaseti kwa kurudisha utepe nyuma mara nyingi, mara nyingine kwa kuuzungusha kwa kalamu ya biki ili betri zisiishe, na sasa kwa simu yenye programu inayoweza kupunguza kasi ya rekodi bila kuibadili sauti. Lakini rekodi za zamani zilifanywa kwa maikrofoni chache, na gitaa la tatu au besi mara nyingi zimefunikwa kiasi kwamba hakuna sikio linaloweza kuapa zilipiga nini hasa. Anayekopi wimbo hufika mahali ambapo hana budi kubahatisha: hutia vidole mahali anapohisi palikuwa na vidole vya mwenzake, akajaribu, akakataa, akajaribu tena mpaka vipande vikae pamoja. Bendi za kukopi, ambazo watu wa mijini hupenda kuzidharau, zimewapa wanamuziki wengi wa ukanda huu somo lao la kwanza la utunzi kwa njia hiyo, kwa sababu ile sehemu iliyobahatishwa haikutungwa na mwingine yeyote.

Kuhusu faraja anayoipata msikilizaji, wataalamu wa saikolojia wana maelezo ambayo yanasaidia, ingawa hayamalizi jambo. Daktari Johannes Hofer, katika tasnifu aliyoiandika Basel mwaka 1688, aliihesabu hamu kali ya kurudi kwao, iliyowakumba Waswisi waliokuwa ugenini, kuwa ugonjwa wa kutibiwa, na kwa karne nyingi hamu ya mambo ya kale iliendelea kutazamwa kama udhaifu. Utafiti wa karibuni umeugeuza mtazamo huo. Mwaka 1986 David Rubin na wenzake walionyesha kwamba watu waliovuka umri wa kati, wakiombwa kukumbuka mambo ya maisha yao, huleta kumbukumbu nyingi kupita kiasi za kipindi cha kati ya takriban miaka 10 na 30, kipindi ambacho mtu anafanya mambo mengi kwa mara ya kwanza na anajijenga kuwa yeye. Na wimbo uliokuwa hewani wakati huo huzibeba kumbukumbu hizo pamoja nao. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki waupendao na kukuta kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na ridhaa, haitoki tu pale wimbo unapofika kileleni bali pia sekunde chache kabla, wakati msikilizaji anapokisubiri kilele anachokijua. Kuujua wimbo, basi, hakuiui raha yake. Kunampa msikilizaji raha ya pili, ya kungoja jambo ambalo ana hakika kwamba litakuja, na katika nchi za Maziwa Makuu mambo ya kungojwa kwa hakika hayakuwa mengi.

Hakika hiyo ina bei yake maalumu mjini Gisenyi. Mlima Nyiragongo, ulio upande wa pili wa mpaka, ulilipuka Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na mara zote mbili watu wa Goma walivuka kwa wingi kuingia Gisenyi wakiwa na kile tu ambacho mikono iliweza kubeba. Vita vya Kivu vimewavusha wengine mara nyingi zaidi ya milipuko. Kabla yao, na kwa miaka mingi zaidi, Wanyarwanda waliokimbia nchi yao kuanzia 1959 walilea watoto uhamishoni Uganda, Burundi, Kongo na kwingineko, na watoto hao walijifunza nchi wasiyoiona kwa njia ya nyimbo. Cécile Kayirebwa, mwimbaji aliyehamia Ubelgiji mwaka 1973 na ambaye albamu yake iitwayo Rwanda ilitolewa mwaka 1994, alizitumia nyimbo za zamani za wanawake na za ikulu ya mfalme, akaziimba upya kwa vyombo vya kisasa, na sauti yake ikawa kwa familia nyingi za wakimbizi ndiyo nchi yenyewe. Waliporejea baada ya 1994, baadhi yao kupitia mpaka huohuo wa Gisenyi, walizikuta nyimbo za Impala zikipendwa na waliobaki nyumbani, na wao wakaja na za Kayirebwa. Jioni moja ya igisope leo huweza kuyaweka malezi hayo mawili katika orodha moja.

Si rahisi, hata hivyo, kuzungumza juu ya kurudi katika nyimbo za Rwanda bila kusema nani hayupo. André Sebanani, mmoja wa sauti kuu za Impala na mwigizaji aliyejulikana katika michezo ya redioni, aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Rodrigue Karemera, mtunzi wa nyimbo za mapenzi ambazo hazijaacha kupigwa, aliuawa mwaka huohuo. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi aliyeiongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi mjini Butare na kuunda kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao sita. Rugamba ni mfano mzuri wa msanii mrejeaji: alikuwa mtafiti wa fasihi simulizi ya kale, ambaye aliyachukua mashairi na ngoma za zamani kama ghala la kujengea, na nyimbo alizozitunga kutokana na ghala hilo zimekuwa ghala la wengine. Anayeziimba leo anaijua tarehe. Katika juma la maombolezo ya kitaifa linaloanza kila tarehe 7 Aprili burudani za hadharani husimama, igisope hukaa kimya, na baadhi ya sauti zilezile zilizokuwa zikichezewa wiki iliyotangulia husikika redioni kwa maana nyingine kabisa. Wimbo haujabadilika hata nukta moja. Watu wazima wa Rwanda wamejifunza kuishi na faraja yenye kidonda ndani yake, na pengine hakuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo nyimbo za mapenzi za kawaida zinabeba uzito wa namna hiyo.

Lakini kuna upande mwingine, ulio mzito zaidi kwa Gisenyi kuliko kwa mji mwingine wowote wa nchi hiyo, na makala inayosifu kurudi katika sanaa ya malezi ikiuruka itakuwa imedanganya. Simon Bikindi alizaliwa mwaka 1954 katika tarafa ya Rwerere, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa zamani wa Gisenyi. Alikuwa mtunzi na mwimbaji mwenye kipaji kisichobishaniwa, mtumishi wa wizara iliyohusika na vijana na michezo, na kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro, na nguvu yake yote ilitoka katika kurudi: alizichukua tuni za asili, mapigo ya vijijini, misemo na majina ya ukoo ambayo kila mkulima wa kaskazini alikua akiyasikia, akayafunga katika nyimbo za kuvutia ambazo watu walizipenda kabla hawajauliza zilikuwa zikisema nini. Zilichosema baadhi yake, hasa tangu vita vilipoanza Oktoba 1990, ni kwamba Wahutu walikuwa na historia moja ya kuonewa na adui mmoja wa kumwogopa. Kituo cha redio cha RTLM kilizipiga nyimbo hizo kama sehemu ya kampeni yake ya chuki mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu Bikindi tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15, hukumu iliyothibitishwa na mahakama ya rufani mwaka 2010, kwa kosa la kuchochea moja kwa moja na hadharani mauaji ya kimbari; alifariki Benin mwaka 2018.

Jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini katika hukumu hiyo ni lile ambalo hakutiwa hatiani kwalo. Majaji walikubali kwamba nyimbo tatu zilipotosha historia na siasa ya Rwanda kwa kuwahimiza Wahutu kuungana dhidi ya Watutsi, na kwamba zilitumiwa katika propaganda, lakini hawakuridhika kwamba imethibitishwa pasi na shaka kuwa alizitunga kwa nia mahususi ya kuchochea mauaji, au kwamba yeye ndiye aliyezifikisha hewani mwaka 1994. Kilichomfunga ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti kilichowekwa garini, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, ndani ya mkoa wake wa kuzaliwa, mwishoni mwa Juni 1994. Wanasheria wamejadili sana mpaka huo kati ya hotuba na wimbo. Kwa mtu anayechunguza sanaa, linalotisha ni jingine: kwamba vyanzo vilivyomfariji Kayirebwa na wasikilizaji wake uhamishoni, yaani tuni za bibi, majina ya milima, mapigo ya harusini, vilikuwa kwa kiasi kikubwa vilevile ambavyo Bikindi alivitumia, na vilifanya kazi kwa njia ileile, kwa kumpa msikilizaji hisia kwamba anarudi nyumbani. Ile hali ya kulegeza ulinzi ambayo watafiti huisifu kama faraja ndiyo iliyoacha mlango wazi. Hapana shaka kwamba watu wa Gisenyi wa umri fulani wana nyimbo walizozipenda ujanani ambazo hawawezi tena kuzipiga, wala hazipigwi redioni, na ambazo bado wanazikumbuka neno kwa neno; nayo pia ni kazi ya malezi, na ya kwao haina pa kurudiwa.

Ni vyema kuligeukia sasa tukio jepesi zaidi, ingawa nalo limezaliwa na historia hiyohiyo. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akakimbilia Ufaransa mwaka 1995 akiwa kijana mdogo, aliandika kwanza wimbo uitwao Petit pays, uliomo katika albamu yake ya mwaka 2013, kisha mwaka 2016 akaandika riwaya yenye jina hilohilo ambayo ilishinda tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari nchini Ufaransa. Katika riwaya hiyo kuna mama jirani wa asili ya Kigiriki anayemwazima mvulana vitabu wakati nchi inaungua, na msimulizi akiwa mtu mzima huirudia nchi yake kwa sababu vitabu vya mama huyo aliyefariki vimeachwa viwe vyake: hadithi nzima, kwa maneno mengine, imefungwa na safari ya kwenda kuchukua maktaba ya utotoni. Éric Barbier alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, iliyotoka mwaka 2020, Bujumbura ya miaka ya 1990 ilijengwa upya Gisenyi. Ziwa lilikuwapo, michikichi na miti ya barabarani ilikuwapo, nyumba za zamani za enzi ya Wabelgiji zenye bustani zilikuwapo. Mtu anayeujua ufukwe wa Tanganyika ataona kwamba mwanga si uleule na kwamba Gisenyi, iliyo juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, haina joto la Bujumbura, lakini kumbukumbu ina uvumilivu mkubwa kuliko ramani, na waliokulia Bujumbura wamekubali kujitazama wakiwa Gisenyi.

Wavuvi wa Kivu wanaonyesha namna nyingine ya kurudia, isiyo na jukwaa wala tiketi. Samaki wadogo waitwao sambaza hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wao ukaja na chombo chake, ambacho ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu ukiwa umening'inizwa katikati na taa zikiwashwa usiku kuwavuta samaki juu. Kuondoa chombo kizito cha namna hiyo ufukweni jioni kunataka makasia yashuke majini kwa wakati mmoja, na kinachoyashusha ni wimbo: mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na pigo la kasia linaangukia kwenye kiitikio. Viitikio ni vya zamani na havibadilishwi, kwa kuwa mikono imekwisha kuvizoea. Mwongozaji ndiye mwenye uhuru, naye huweza kutia maneno ya siku hiyo katika nafasi aliyoachiwa, kuhusu mwezi, bei ya soko, au mwenzao aliyeoa, kwa Kinyarwanda au Kiswahili kama wanavyoelewana waliomo chomboni. Watalii sasa hulipa kupelekwa ziwani kuwasikiliza, na hakuna ubaya katika riziki hiyo, ila wimbo unaoimbiwa kamera hauongozi tena kasia, na mwongozaji asiyeongoza kitu huanza kuchagua zile beti tu zinazopendwa na wageni.

Mgawanyo huo wa kazi, sehemu moja isiyoguswa na nyingine iliyoachwa wazi, unaonekana pia katika sanaa nyingine za ukanda huu pale ambapo kurudi kumezaa kitu kipya. Inanga ya Rwanda ni kinanda cha ubao uliochongwa kama sinia refu, chenye nyuzi zipatazo nane ambazo kwa kawaida ni kamba moja ndefu iliyopitishwa kwenda na kurudi, na mpigaji husimulia huku vidole vikishika mzunguko wa sauti chache. Sophie Nzayisenga alifundishwa na baba yake, Thomas Kirusu, mmoja wa mabingwa wa chombo hicho, katika sanaa ambayo kwa vizazi ilihesabiwa kuwa ya wanaume; alichokipokea alikishika kama alivyokipata, na jipya alilolileta, mbali na nafsi yake mwenyewe mbele ya chombo hicho, ni kukiketisha pamoja na vyombo vya mataifa mengine. Zanzibar kuna mfano wenye umri mrefu zaidi: Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab kwa Kiswahili na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alifariki mwaka 1950, na Bi Kidude aliyemsikiliza akiwa msichana aliendelea kuziimba nyimbo zake mpaka karibu na kifo chake mwenyewe mwaka 2013. Sauti ya Bi Kidude haikufanana na ya Siti hata kidogo. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo ya tumbaku, na aliuongezea wimbo ngoma za unyago. Kama angejaribu kufanana naye, angesahaulika pamoja na waigaji wengine.

Nyenzo za kurudia zimeongezeka kuliko wakati wowote. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 1954, alikuwa amerekodi wanamuziki wa ikulu ya mfalme wa Rwanda mwaka 1952, miaka 9 kabla ya ufalme wenyewe kufutwa, na rekodi hizo bado zinapatikana. Mtafiti Mbelgiji Jos Gansemans alikusanya muziki wa vijijini Rwanda kuanzia miaka ya 1970 kwa niaba ya jumba la makumbusho la Tervuren, ambalo katika miaka ya karibuni limeikabidhi Rwanda nakala za kidijiti za rekodi zaidi ya 4,000. Kijana wa Rubavu anayetengeneza mapigo kwa kompyuta anaweza sasa, angalau kwa kanuni, kuchukua mbinja ya mchungaji wa nusu karne iliyopita na kuitia katika wimbo wa wiki ijayo. Itategemea kama kuna atakayempa ufunguo wa ghala hilo na kumweleza alichonacho mkononi.

Na itategemea pia malipo, suala ambalo wapenzi wa zilipendwa hawapendi liwaharibie jioni yao. Kayirebwa aliwahi kuvifikisha mahakamani vituo kadhaa vya redio vya Rwanda kwa kuzitumia nyimbo zake bila idhini, na kesi hiyo iliwashtua wengi waliodhani kwamba wimbo uliomlea mtu umekuwa wake kwa kulelewa nao. Mkataba wa Berne, ambao Rwanda ni mwanachama wake, unadai kazi ilindwe kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kazi za watunzi waliouawa mwaka 1994, kwa hesabu hiyo, hazitakuwa mali ya umma kabla ya mwaka 2044 kumalizika, na mpaka wakati huo ukumbi wa Gisenyi unaozipiga mbele ya wateja wanaolipia viti na vinywaji una deni kwa warithi wao. Baadhi ya warithi hao wako hai na wanajulikana. Familia nyingine ziliuawa zote, na hapo hata mwenye ukumbi aliye tayari kulipa hana wa kumlipa.